Kit Mambo, Simba Jike Asiye na Kwao

Kuna aina ya katuni inayozaliwa ikiwa na tarehe yake ya kufa. Ni ile inayotengenezwa kuitangaza michezo mikubwa. Kamati ya maandalizi inachora mnyama wa nembo, au kituo cha televisheni kinanunua haki za matangazo, kisha wachoraji wanaambiwa: mpeni uhai kwa nusu saa. Mwenge ukizimwa, kazi ya mnyama imekwisha. Kipindi hakirudiwi, na mkanda unasukumwa nyuma ya kabati. Misha, dubu aliyechorwa na Viktor Chizhikov kwa ajili ya Moscow 1980, alitengenezewa huko Japani mfululizo mzima wa katuni, sehemu 26 za studio ya Nippon Animation. Izzy, kile kiumbe cha bluu cha Atlanta 1996 ambacho hata Wamarekani wenyewe walishindwa kusema ni mnyama gani, alipewa kipindi chake maalumu mwaka 1995 kwenye kituo cha TNT. Ni vitu vya aina hii ndivyo vinavyowakesha watu wanaosaka vipindi vilivyopotea, watu wa kufukua kanda za zamani na kuulizana nani alirekodi nini usiku gani.

Mimi nataka kuzungumzia kimoja ambacho kilipotea kabla hata ya kuonekana, na ndani yake yumo mtu wetu. Au tuseme yumo mtu anayeitwa kwa jina linalofanana na letu. Ni wetu kweli? Hilo ndilo swali langu leo.

Kazi yenyewe inaitwa Animalympics. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kituo cha NBC cha Marekani, kilichokuwa na haki za kuonyesha Olimpiki ya Moscow, kiliiagiza studio ya Steven Lisberger itengeneze katuni za kuwachangamsha watazamaji: kipindi kimoja cha michezo ya majira ya baridi, na kingine kirefu zaidi cha michezo ya kiangazi. Wanariadha wote ni wanyama. Cha baridi kilirushwa mapema 1980. Cha kiangazi hakikurushwa. Desemba 1979 majeshi ya Kisovieti yalikuwa yameingia Afghanistan, Rais Jimmy Carter akatangaza kwamba Marekani haiendi Moscow, na NBC ikabaki na katuni ya sherehe ambayo nchi imeisusia. Lisberger akaviunganisha vipande vyake vyote kuwa filamu moja isiyofika saa moja na nusu, ambayo baadaye ilizunguka kwenye televisheni za kulipia na kanda za video. Kwa hiyo filamu ipo. Kisichokuwepo ni kile kipindi cha kiangazi chenyewe, na jioni ile ambayo mamilioni ya watu wangekaa kukitazama pamoja. Japani nako mambo yalikwenda hivyohivyo: mfululizo wa Misha uliisha Aprili 1980, na mwezi uliofuata Japani ikaamua kutokwenda. Watoto walikuwa wameshafundishwa kumpenda dubu wa sherehe ambayo timu ya nchi yao haitahudhuria.

Sasa msomaji, kumbuka sisi tulikuwa wapi. Februari 1980 Carter alimtuma Muhammad Ali azunguke Afrika kuziomba nchi zetu zisusie. Alianzia Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye. Swali alilokutana nalo Ali katika ziara ile halikuwa gumu kulielewa: mwaka 1976 nchi za Afrika zilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, Marekani ilikuwa wapi? Kenya ikakubali kususia Moscow. Tanzania ikapeleka watu wake.

Matokeo yake ni kwamba mwaka 1980 kulikuwa na Waafrika wa namna mbili waliokimbia bila kuonwa na watu waliowakusudia. Mmoja alikuwa simba jike wa rangi na karatasi, aliyekimbia marathoni kwenye meza za wachoraji wa Lisberger na kufungiwa mlango na siasa za kwao. Wengine walikuwa Watanzania wawili wa nyama na damu, waliokimbia kweli huko Moscow na kupata medali, na ambao Tanzania Bara haikuwaona kwa sababu Bara haikuwa na televisheni. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970. Huku upande wetu tulisubiri mpaka 1994.

Nimeitazama Animalympics mara tatu hapa Chumbi, kwenye simu, kwa bando la usiku. Niseme kwanza ilivyo. Ni mzaha juu ya televisheni ya michezo: kituo cha kubuni kinachoitwa ZOO kinatangaza michezo ya wanyama, na watangazaji wake wanawaigiza watangazaji wa Marekani wa zama zile. Yupo mamba mruka juu, Bolt Jenkins. Yupo fisi maji mwogeleaji, Dean Wilson. Yupo mbwa mwenye miguu mifupi anayeteleza kwenye theluji, Kurt Wuffner. Vichekesho vingine vimeshachacha, maana usipowajua wale watangazaji wa miaka ya 1970 huelewi kinachochekesha. Muziki wa Graham Gouldman unazibeba dakika nyingi ambazo hadithi imezisahau. Yaani ni filamu ya viraka, na kwa kuwa tunajua ilivyoshonwa, viraka vinaonekana.

Lakini kuna uzi mmoja unaoishika yote, nao ni marathoni. Mbuzi Mfaransa, René Fromage, ameyatoa maisha yake yote kwa mbio hii. Anayemfukuzia ni Kit Mambo, simba jike kutoka Afrika, aliyepewa sauti na Gilda Radner. Wanakimbia bega kwa bega, kilomita baada ya kilomita, na katikati ya uchovu wanaanza kupendana. Mwishoni wanavuka mstari wakiwa wameshikana mikono. Sare.

Ngoja niisifu inapostahili. Katika filamu inayocheka kila kitu, Kit Mambo hachekwi. Amechorwa kama mkimbiaji: mabega yametulia, hatua ndefu, macho mbele. Na zaidi ya hapo anakimbia marathoni sambamba na madume, mwaka 1980, wakati Olimpiki yenyewe haikuwa na marathoni ya wanawake. Hiyo ilianza Los Angeles 1984. Wachoraji wa katuni ya matangazo waliona jambo ambalo wakubwa wa michezo walikuwa hawajalikubali, na wakampa nafasi hiyo Mwafrika. Hilo si dogo.

Kuna na hasara. Mara ya pili niliitazama na wapwa zangu wawili. Simba alipotokea, mdogo akaruka: "Mjomba, huyo wa Simba SC?" Nikamwambia hapana, huyu anaitwa Kit Mambo. Wakacheka sana. "Kit, mambo?" "Poa!" Wakaendelea hivyo dakika nzima. Kisha mkubwa, ambaye ana miaka tisa, akauliza anatoka wapi. Nikamjibu, Afrika. Akaniangalia. "Afrika wapi?"

Swali la mtoto huyu ndilo uhakiki wote wa filamu. René ni Mfaransa, na Ufaransa wake unajulikana hadi jina lake la jibini. Ana wimbo wake mwenyewe wa kutueleza kwa nini mapenzi hayamhusu. Kit tunamjua kwa miguu. Hana kijiji, hana kocha wa kwao, hana mtu anayemsubiri arudi. Bara zima limekunjwa likawekwa ndani ya mnyama mmoja. Hata jina lake halina uhakika: masikio ya Mmarekani yakisikia "mambo" yanasikia dansi ya Kuba, ilhali yetu yanasikia salamu. Inawezekana kabisa walioandika jina hilo hawakuwa wanafikiria Kiswahili hata kidogo. Ndiyo maana nasita kumwita wetu. Anatusalimia kwa bahati tu.

Na simba na mbuzi! Mtu aliyekulia kwenye ngano zetu, akiambiwa simba na mbuzi wanakimbia pamoja usiku, anakaa sawa kusubiri. Kuna uhasama wa tangu na tangu pale, kuna hofu, kuna ujanja utakaohitajika. Msimuliaji wa huku angekaa hapo robo saa. Filamu inapita haraka, kwa sababu shida inayoijua ni ya kazi dhidi ya mapenzi, shida ya mtu wa mjini mwenye ratiba. Sare ya mwisho inapendeza, sikatai, lakini imepatikana kwa bei ya chini: hakuna aliyekuwa na cha kupoteza zaidi ya ushindi wenyewe.

Kati ya wachoraji wa Animalympics alikuwemo kijana mmoja, Roger Allers. Mwaka 1994 huyohuyo aliongoza, pamoja na Rob Minkoff, The Lion King. Unaona njia ilipopita? Kutoka kwa simba jike mmoja mwenye jina la kubahatisha hadi mbuga nzima inayosema Simba, Rafiki, Pumbaa. Safari hii Kiswahili kilikuwa cha makusudi. Lakini kilitumika vilevile, kama nakshi kwenye mlango wa nyumba ya mtu mwingine. Kampuni ya Disney ikasajili "Hakuna Matata" kama alama yake ya biashara kwa ajili ya nguo, na mwaka 2018 watu wengi wakatia saini mtandaoni kulalamika. Mimi hasira ile niliielewa, ila niliona imeelekezwa pembeni kidogo. Maneno bado tunayo, hakuna aliyetukataza kusema hakuna matata. Tulichokosa ni hadithi za kuyaweka ndani yake.

Na hadithi zilikuwepo. Twende Moscow. Tarehe 31 Julai 1980, mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Filbert Bayi anaingia. Huyu ndiye aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, kwa 3:32.2, akiongoza toka mlio wa bunduki hadi mwisho, na John Walker wa New Zealand nyuma yake. Dunia nzima ilisubiri warudiane Montreal 1976. Hawakurudiana: Tanzania ilisusia kwa sababu ya nchi ya Walker, na Walker akachukua dhahabu. Sasa Bayi amepata Olimpiki yake, katika mbio ambazo si zile zilizompa jina, na anafanya kilekile alichokizoea. Anatoka mbele. Anawaacha. Mpaka mzunguko wa mwisho bado yuko mbele, kisha Mpolandi Bronisław Malinowski anamfikia na kumpita karibu na maji ya mwisho. Bayi 8:12.48, fedha. Kesho yake Suleiman Nyambui anakimbia mita 5,000 na kuvuka chini ya sekunde moja nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Fedha nyingine. Hadi leo, baada ya Paris 2024, medali za Olimpiki za Tanzania ni hizo mbili.

Ukiwa mwandishi wa hadithi, unataka nini zaidi? Mtu aliyenyimwa mbio yake kubwa na msimamo wa nchi yake, msimamo ambao ulikuwa wa haki, anakuja miaka minne baadaye kukimbia mbio nyingine, anaongoza kwa mbali, na anapitwa pembeni ya maji. Yale mapambano kati ya haki ya wengi na ndoto ya mmoja, ambayo Animalympics haikuyafikiria, yalikuwa yanakimbia mbele ya macho ya dunia mwezi uleule ambao kipindi chake kingekuwa hewani.

Mzee mmoja jirani yetu hapa Chumbi anaikumbuka siku ile kwa redio. Nilimuuliza ameona nini. Akasema, "Mwanangu, nimeona Bayi yuko mbele, halafu maji yakamtaka." Alisema nimeona. Alisikia taarifa ya habari ya Radio Tanzania, na kwa miaka yote hii amekuwa na picha kichwani ambayo hakuna aliyemchorea. Sijawahi kukutana na uhakiki mzuri zaidi wa mbio ile, kwa maneno machache namna hiyo. Akiondoka mzee, picha inaondoka naye.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wale wasakaji wa vipindi vilivyopotea wana faida moja kubwa juu yetu: wanajua kilichopotea. Wana jina la kipindi, mwaka, kituo, tangazo la gazeti. Wanaweza kulilia kitu chenye jina. Sisi hatuna cha kutafuta kwa sababu hakikutengenezwa. Na hata vichache tulivyoandika, huku kwetu tunajua vinavyokwenda: mafuriko ya Rufiji ya Aprili 2024 yalipoingia Chumbi na Muhoro, maji hayakuchagua kati ya gunia la mpunga na sanduku la karatasi. Picha ya Mtanzania wa Olimpiki inayojulikana kuliko zote duniani, John Stephen Akhwari akimaliza marathoni ya Mexico 1968 na mguu uliofungwa bandeji, imetunzwa na kusambazwa na filamu za Mmarekani, Bud Greenspan. Tumshukuru. Lakini tujiulize pia ingekuwaje asingekuwepo.

Najua utaniambia, ndugu yangu, wewe unahangaika na katuni ya watoto. Kweli, ni katuni. Ila katuni ndipo mtoto anapojifunza kwanza nani ana haki ya kuwa na kwao. Na usiniambie hatuwezi. Zamani kwenye kibanda umiza palikuwa na sauti ya Lufufu, aliyesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili na kuwaeleza watazamaji mambo ambayo wenye filamu hawakuyasema. Angepewa Animalympics yule, nina hakika Kit Mambo angetoka kwenye kibanda akiwa na kijiji, mama na deni dukani. Huo ulikuwa uhakiki wa vitendo. Leo tuna zaidi ya sauti. Ubongo Kids inatengenezwa Dar es Salaam tangu 2014 na watoto wanaijua vizuri. Tinga Tinga Tales ilichorwa Nairobi kwa mtindo uliozaliwa Dar es Salaam kwa mkono wa Edward Saidi Tingatinga. Mikono ipo. Ila ya kwanza inafundisha hesabu na sayansi, ya pili inasimulia asili ya wanyama. Mkimbiaji wetu bado hajachorwa.

Na mwisho wa kuchora tumeshaletewa tayari. Septemba 2025, mashindano ya dunia ya riadha Tokyo, Alphonce Simbu na Mjerumani Amanal Petros walivuka mstari wa marathoni kwa muda uleule, 2:09:48. Kama Kit na René. Hawakushikana mikono. Ilibidi picha ya mashine iamue, na ikaamua kwa sekunde 0.03 kwamba dhahabu ni ya Simbu, ya kwanza kwa Tanzania katika mashindano hayo. Ukiziweka tamati hizi mbili pamoja utaona tofauti ninayoisema. Ya katuni inawafariji watazamaji kwamba hakuna aliyeshindwa. Ya Tokyo ina mtu aliyekosa kwa upana wa kifua, na nchi iliyongoja miaka yote hiyo.

Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 limepewa Kenya, Tanzania na Uganda. Litakuwa na mnyama wake wa nembo, na huenda akatengenezewa katuni ya kutangaza. Ombi langu kwa watakaoiandika ni dogo. Mpeni kwao. Atoke sehemu yenye jina, Kibiti au Kisumu au Gulu, aongee kama watu wa huko, awe na kitu atakachokipoteza asiposhinda. Na mkimaliza, nakala moja iwekwe mahali ambapo mtu anaweza kuikuta mwaka 2070.

Animalympics itafuteni muitazame. Marathoni yake inastahili, na Kit Mambo anastahili zaidi ya filamu aliyowekwa. Yule mpwa wangu wa miaka tisa ameshampatia kwao lakini. Anasema anatoka Utete, na kwamba mbuzi hakumla kwa sababu alikuwa amefunga.